Waya wa klachi umeiokoa ndono. Sasa kinanda kinaibadili sauti

Na Mwandishi Wetu, Kolandoto

Waya wa klachi wa pikipiki haukatiki wote kwa mara moja. Huanza uzi mmoja, karibu na kichwa kinachokaa kwenye mkono wa klachi, kisha wa pili na wa tatu, hadi dereva anaposhindwa kubadili gia. Fundi huuchomoa, huutupa chini ya benchi na kuingiza mpya. Kolandoto, njia panda iliyo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ambako magari ya Mwanza huachana na yale yanayokata kwenda Lalago na Mwanhuzi, bodaboda ni nyingi na nyaya za namna hiyo hazikosekani.

Kwa fundi pikipiki huo ni uchafu wa gereji. Kwa mpiga ndono ni malighafi.

Atakata kile kichwa kwa plaizi, atazifumua nyuzi moja moja na kuchagua ule ambao haujaota kutu wala kupata kikunjo. Kisha ataunyoosha kwa kuuvuta ndani ya kipande cha tambara alichokibana kwa vidole, mara nyingi, mpaka ulale sawa. Kikunjo kidogo tu kinatosha kuharibu kazi yote. Hapo ndipo waya utakapokatikia, na hata kabla ya kukatika utakuwa unatoa sauti iliyopinda.

Uzi huo mmoja mwembamba ndio unaowagawa watu wanaojali muziki wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi. Wapo wanaosema ala yenye waya wa pikipiki haiwezi kuitwa ya jadi, kwa kuwa wazee walitumia kano za ng'ombe. Wapo wanaojibu kuwa bila waya ala hizi zingekuwa zimekwisha kubaki makumbusho. Katikati ya mabishano hayo, jambo kubwa zaidi linapita bila kuangaliwa sana: mpangilio wa sauti zenyewe unabadilika, na waya hauhusiki.

Upinde, kibuyu na kitanzi

Ndono ni upinde. Fito ngumu inayopindika, mkole kwa mfano, hufungwa uzi ncha hadi ncha. Kwenye fito hufungwa kibuyu kilichokatwa mdomo, na kamba inayokishika kibuyu hufanya kitanzi kinachouvuta uzi kuelekea kwenye fito. Kitanzi hicho ndicho akili ya ala yote, maana huugawa uzi vipande viwili visivyolingana, na kila kipande hutoa sauti yake.

Mpigaji hushika upinde kwa mkono wa kushoto, mdomo wa kibuyu ukielekea kifuani, na kuugonga uzi kwa kijiti chembamba kilichoko mkono wa kulia. Akikibana kibuyu kifuani, sauti hujifunga. Akikiachia kidogo, hufunguka. Kidole cha mkono ulioshika upinde kikiugusa uzi, hupatikana sauti ya tatu. Huku mikono yote ikiwa kazini, yeye huyo huyo anaimba.

Ndugu yake wa karibu ni zeze la ubao: kipande cha mti kilichochongwa vinundu vya kubonyezea upande mmoja, uzi mmoja au zaidi juu yake, na kibuyu chini. Ala za aina hii zimesambaa kutoka mashariki mwa Kongo hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Zeze la Wagogo ni jingine kabisa, kwa kuwa lile hupigwa kwa upinde wa kukwaruza. Kaskazini, upande wa Mara, Wakurya wana iritungu lao kubwa, na ng'ambo ya Ziwa Victoria Wahaya wana enanga, ambayo tenzi zake Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 1986.

> Kitanzi kinachougawa uzi vipande viwili ndicho akili ya ala yote.

Waya ulitangulia baiskeli

Hoja kwamba chuma ni mgeni katika muziki wa ukanda huu inahitaji kupimwa na historia.

Katika nchi ya Wazinza, eneo ambalo leo sehemu yake iko Geita, wahunzi wa Kirongo walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuri na mivukuto zamani kabla ya mtu yeyote kufungua mgodi wa kisasa wa dhahabu. Majembe yao yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi. Watu wa huku walikijua chuma, walijua kinavyolainika na kinavyokatika.

Waya wenyewe ulikuja kwa wingi na misafara. Katika karne ya 19 waya wa shaba ulikuwa fedha ya njiani kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, sambamba na shanga na vitambaa. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja kwa safari yake ya mwaka 1871, alinunua ratili zipatazo 350 za waya, sawa na farasila kumi, na akaandika kuwa unene wake ulikaribia ule wa waya wa simu. Waya huo uliishia zaidi mikononi na miguuni mwa watu kama mapambo.

Kisha ikaja reli. Ile ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928. John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, jirani tu na Kolandoto, mashine, magari na vipuri viliongezeka. Mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, magari na mitambo ilijaa tena ukanda huu, na nyuma yake wakafuata wachimbaji wadogo na makarasha yao ya kusagia mawe.

Si mabaki hayo yote yanayofaa kwa muziki. Waya wa shaba unaotolewa kwenye mota ya karasha iliyoungua ni laini mno, hurefuka kadiri unavyokazwa na hautulii kwenye sauti moja. Waya wa tairi lililochomwa ni chuma kizuri, lakini moto ukizidi hupoteza ukakamavu wake na kuvunjika. Baiskeli za Phoenix, zilizobeba pamba, maji na abiria wa Usukuma kwa miaka mingi, breki zake nyingi ni za vyuma virefu vilivyonyooka, si za waya. Ndiyo maana pikipiki, na baiskeli za kisasa zenye breki za waya, zimekuwa baraka kwa wapigaji.

Vipimo vyake

Waya wa breki wa baiskeli una unene wa milimita 1.5 hivi, na aina iliyozoeleka imesokotwa kwa nyuzi 19. Kila uzi una unene wa karibu milimita 0.3. Uzi wa kwanza wa gitaa la umeme, ule mwembamba kuliko yote, aghalabu ni wa milimita 0.25. Kwa maneno mengine, kinachookotwa chini ya benchi la fundi kinakaribiana sana na kile kinachouzwa dukani ndani ya pakiti.

Kano au chuma?

Wanaotetea kano wana hoja zenye uzito. Kano hutolewa kwa ng'ombe, na Shinyanga ni nchi ya ng'ombe. Kuikausha, kuichana na kuisokota ni ujuzi unaorithishwa, na mtu akizoea kuokota waya gerejini, ujuzi huo unakufa naye. Sauti ya kano ni nzito na ya chini, haitoboi masikio, na inakaa vizuri chini ya sauti ya mtu mmoja anayesimulia usiku. Waya, wanasema, unapiga kelele.

Wapo pia wanaoitazama ala yote, si uzi peke yake. Kibuyu kinapoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na kopo la rangi au dumu la mafuta ya kula, ndono inabaki kuwa ya jadi kwa kiasi gani?

Wapigaji nao wanajibu kwa mambo ya kila siku. Kano hunywa unyevu, na masika ikiingia hulegea katikati ya wimbo. Panya huila. Waya haujali mvua, na ukikatika, mwingine unapatikana kabla jua halijazama. Zaidi ya hapo, unasikika. Mbina za Kisukuma, zile ngoma za mashindano za baada ya mavuno kati ya Juni na Agosti, hazichezwi na watu ishirini kwenye ua. Ni uwanja mzima, makundi mawili yakigombania watazamaji. Mwenye ala isiyosikika hana nafasi pale.

Suala la miti nalo halikwepeki. Sehemu kubwa ya misitu ya Shinyanga ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuwaondoa mbung'o na kupisha pamba. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma ambamo miti huachwa iote. Mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Mtu aliyekulia katika nchi yenye miti michache alijifunza kutengeneza kwa alichonacho, na kopo la rangi lilikuwepo.

Sauti ya saba

Fizikia ya uzi inaleta jambo ambalo pande zote mbili hulisahau.

Uzi wowote ukigongwa hautoi sauti moja. Hutoa sauti mama, na juu yake sauti nyingine ndogo ambazo mitetemo yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya kwanza, na kuendelea. Kano, kwa kuwa ni laini na haina unene sawa kote, huzimeza haraka zile za juu. Chuma huziachia zilie kwa muda mrefu. Kazi ya kibuyu kinachofunguliwa na kufungwa kifuani ni kuchagua ipi kati ya sauti hizo itokeze mbele.

Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyezunguka Tanganyika kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alionyesha kuwa uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya mfululizo huo huo wa sauti, takriban kuanzia ya nne hadi ya tisa. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba (marimba ya mkono) aliyefariki dunia Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 2003, aliufanya mlio huo usikike ulimwenguni kote.

Katika mfululizo huo kuna sauti ya saba. Kwenye kinanda cha studio hakuna kitufe chake. Kinanda kimegawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa, na kitufe kilicho karibu zaidi na sauti ya saba kiko juu yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kwa sikio lililozoea uzi, tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa hiyo waya wa klachi, unaoshutumiwa kuharibu jadi, ndio unaozitoa kwa uwazi zaidi zile sauti ambazo jadi yenyewe imesimama juu yake. Kinachozifuta ni kitu kingine. Mwimbaji anapoingia studio ya Kahama au Geita na zeze lake, mtayarishaji huwasha kinanda, huweka mdundo wa kompyuta, kisha humtaka mpigaji akaze au alegeze waya ufuate kinanda. Wimbo ukitoka, zeze limo ndani, watu wanalisikia na kufurahi. Sauti yake ya saba haimo.

> Chuma hakijaiharibu sauti ya jadi. Kimeitoa kwa uwazi zaidi kuliko kano.

Watayarishaji wana utetezi wao. Soko ndilo linalotaka mdundo unaochezeka harusini na kwenye spika za baa za machimboni, na msanii anayekataa kinanda hubaki na simu yake akirekodi uani. Vijana wengi wa Usukuma wasingelisikia zeze kabisa kama lisingeingia kwenye nyimbo hizo. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kijana anayelisikia zeze lililofuata kinanda, akitengeneza la kwake, atalikaza kwa kufuata alichokisikia.

Njia nyingine ipo, na imepitiwa na watu wa Afrika wenyewe. Kinshasa, kundi la Konono N°1 lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu lilichukua likembe, nayo marimba ya mkono, likatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari, likazipandisha sauti zake kwenye vipaza sauti bila kuzinyoosha zifuate kinanda. Albamu yao *Congotronics*, iliyotoka mwaka 2004, iliuzwa mbali na Kongo. Hapa waya una faida nyingine: sumaku hukamata mtetemo wa chuma, haikamati wa kano. Mpiga zeze wa Kolandoto akitaka sauti kubwa, tayari anacho kinachohitajika kwenye uzi wake.

Kanisani na uwanjani

Kolandoto ina historia yake na ala hizi. Hospitali inayoutambulisha mji huu ilianzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland Mission, na leo iko chini ya kanisa la AICT. Kwa wamisionari wengi wa Kiprotestanti wa wakati ule, ngoma, pombe na uganga vilikuwa fungu moja, na aliyebatizwa alitarajiwa kuviacha vyote. Mbina yenyewe ilikuwa na dawa zake za kuvuta watazamaji, kwa hiyo hofu hiyo haikutoka hewani.

Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, mambo yalikwenda kinyume. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, kuanzia miaka ya 1950 aliingiza nyimbo na ngoma za Kisukuma katika ibada ya Kikatoliki na kukusanya vifaa ambavyo leo ndivyo Makumbusho ya Wasukuma. Kila Juni, sherehe za Bulabo huwakutanisha pale wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, mahasimu wa miaka mingi. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria tamasha la utamaduni Kisesa na kupewa jina la Chifu Hangaya.

Matamasha hayo yameipa ngoma heshima. Yamezua pia swali la nani anapewa nafasi. Macho na kamera hufuata ngoma kubwa, nyoka, fisi na majembe ya ngoma ya bugobogobo yanayorushwa hewani. Upinde wa mtu mmoja hauna mambo ya kupigwa picha. Na pale unapoalikwa, mara nyingi ni kama mfano wa zamani, hivyo mwenye kano na kibuyu anapendeza zaidi machoni kuliko mwenye waya na kopo, hata kama huyu wa pili ndiye anayepiga kila wiki.

Nani analipwa?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na mwaka 2011 Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Maandishi hayo yanamwona mtunzi, mwimbaji na jamii. Mtengenezaji wa ala hayumo waziwazi. Anayejua kukata kibuyu kisipasuke, kupima kitanzi kikae wapi na kuchagua waya upi, hulipwa mara moja tu, akiuza ala, na wateja wake ni wachache kwa sababu kila mpigaji hujitengenezea.

Kwa Wagogo, mafanikio ya ukoo wa Zawose yamefungua mlango. Pendo na Leah Zawose, wanawake waliokulia katika jadi ambamo wanawake waliimba na kucheza huku ala nyingi zikiachiwa wanaume, walitoa albamu ya *Maisha* mwaka 2024 kupitia Real World Records ya Uingereza. Nyuma ya mafanikio hayo kuna Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa, sasa TaSUBa, kimefundisha tangu 1981 kupiga ala na hata kuzitengeneza. Ndono haijapata mlango wa namna hiyo.

Kumbukumbu za 1950

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Afrika, alizunguka Tanganyika na gari lenye mashine ya kurekodi. Aliwarekodi Wanyamwezi, Wagogo, Wahaya na wengine, na alibeba seti ya uma za chuma zenye sauti maalumu ili kupima ala zimekazwa vipi. Rekodi zake zinahifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini.

Kenya imeonyesha zinavyoweza kutumika. Wimbo wa Chemirocha, ambao Tracey aliurekodi kwa Wakipsigis mwaka huo huo wa 1950, ulirudishwa kijijini katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa ILAM, mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul ya Nairobi. Wazee waliusikiliza pamoja na vijana.

Kwa Shinyanga na Geita, zoezi kama hilo lingemaliza ubishi mmoja kwa haraka. Rekodi za Wanyamwezi, majirani wa damu wa Wasukuma, zikichezwa kwenye simu yenye spika ndogo kando ya mpigaji wa leo, mtu yeyote mwenye sikio atasikia ni sauti ipi imehama na kwa kiasi gani. Simu zenye programu ya kupimia sauti zimejaa mifukoni mwa madereva wa bodaboda. Mahali pa kuanzia ni msimu wa mbina, Juni ijayo, pale Bujora au kwenye kiwanja chochote cha Kishapu na Kahama, kabla mpigaji hajaitwa studio kukazia waya wake kwenye kinanda.